Programu iige kazi ya daftari, isiige ngozi ya jalada lake

KATIKA biashara ya programu za kompyuta na za simu za mkononi kuna mjadala ambao umedumu kwa zaidi ya miaka 40 na hadi sasa haujapata hukumu. Je, kitu kinachoonekana kwenye skrini kifanane na kile ambacho mtumiaji amekizoea mkononi, yaani daftari lionekane kama daftari na kikokotoo kama kikokotoo? Au skrini ibaki skrini, yenye maandishi na vitufe, bila kujifanya kitu kingine?

Mjadala huo ulipamba moto upya Juni 2025, pale kampuni ya Apple ya Marekani ilipotangaza sura mpya ya programu zake iliyopewa jina la Liquid Glass. Katika sura hiyo vitufe na menyu vinaonekana kama vipande vya kioo kinachopitisha mwanga. Watumiaji wengi walilalamika kwamba maandishi hayasomeki vizuri juu ya kioo hicho, na kabla ya mwaka kwisha kampuni iliongeza chaguo la kukifanya kiwe kizito zaidi.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wachoraji na hayana nafasi katika ukurasa wa soko. Hatukubaliani nao. Mfanyabiashara anayenunua programu ya hesabu hanunui tu uwezo wake wa kujumlisha na kutoa. Ananunua pia saa ambazo karani wake atazitumia kujifunza, pamoja na makosa ambayo karani huyo atayafanya kabla hajazoea. Gharama hizo haziandikwi kwenye ankara, lakini hapana budi zilipwe.

Kwa maoni yetu, programu inapaswa kuiga kazi ya kitu kuliko kuiga sura yake. Sura inayomwonyesha mtumiaji la kufanya ina thamani. Sura ya kupamba tu ni gharama, na mlipaji ni mlaji.

Meza ya ofisi yaingia kwenye skrini

Kuiga kulianza kwa nia njema. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa sokoni kompyuta ya Star, iliyouzwa kwa zaidi ya dola 16,000 za Marekani kwa mashine moja. Kwenye skrini yake kulikuwa na picha ndogo za karatasi, majalada, kabati la mafaili na vikapu vya barua zinazoingia na zinazotoka. Kwa bei hiyo wanunuzi walikuwa wachache. Apple ilifuata na kompyuta ya Lisa mwaka 1983 kwa karibu dola 10,000, kisha Macintosh mwaka 1984 kwa dola 2,495, na hapo ndipo wazo hilo lilipowafikia watu wa kawaida.

Faida yake ilikuwa dhahiri. Kabla ya hapo, kwa kompyuta nyingi mtumiaji alilazimika kukariri amri na kuzichapa herufi kwa herufi. Picha ya jalada ilimwambia karani, bila mwalimu, kwamba barua zinawekwa humo. Muda wa kujifunza ulipungua, na kwa lugha ya biashara, gharama ya kuingiza mashine ofisini ilishuka.

Lakini hata katika Macintosh hiyo kasoro ilijitokeza. Ili kuitoa disketi kwenye mashine, mtumiaji aliweza kuiburuta picha yake hadi kwenye pipa la taka. Mtu yeyote anayejua pipa la taka ni la nini angeogopa kufanya hivyo kwa disketi yenye hesabu za mwaka mzima. Pipa lilikuwa na sura ya pipa, lakini hapo halikufanya kazi ya pipa. Mfanano unaodanganya ni hatari kuliko kukosa mfanano kabisa.

Aliyeiga kazi alishinda

Linganisha hayo na programu ya VisiCalc, iliyoingia sokoni mwaka 1979 ikitumika kwenye kompyuta ya Apple II. Waliotengeneza ni Dan Bricklin na Bob Frankston, na Bricklin wakati huo alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Walichoiga ni ile karatasi pana ya mhasibu yenye safu za kwenda chini na mistari ya kwenda kando, ambayo kila tarakimu ina chumba chake na jumla inakaa mwisho.

Programu hiyo haikuwa na rangi ya karatasi wala jalada la ngozi. Skrini ilikuwa na herufi na tarakimu tu. Hata hivyo mhasibu aliitambua mara moja, kwa sababu mpangilio wa kazi ulikuwa ni ule ule aliousomea. Kisha ikampa kitu ambacho karatasi haiwezi kumpa: ukibadili tarakimu moja, jumla zote zinazoitegemea zinabadilika zenyewe. Wafanyabiashara walinunua kompyuta kwa ajili ya programu hiyo, na majedwali tunayotumia leo maofisini ni wajukuu zake.

Aliyeiga sura alishindwa

Mfano wa upande wa pili ni Microsoft Bob, programu iliyotolewa mwaka 1995. Mtumiaji aliingia kwenye nyumba iliyochorwa, yenye vyumba, samani na mbwa wa kumwongoza. Alipotaka kuandika barua alibonyeza kalamu na karatasi, na alipotaka tarehe alibonyeza kalenda iliyotundikwa ukutani. Mwaka uliofuata iliondolewa sokoni.

Sababu si ngumu kuielewa. Anayeiga nyumba anarithi pia matatizo ya nyumba. Katika nyumba ya kweli ni lazima utoke chumba kimoja uingie kingine, kwa kuwa kuta zipo. Kwenye kompyuta kuta hazipo, kwa hiyo kumtembeza mtu vyumbani ni kumpotezea muda ambao mashine ilinunuliwa ili kuuokoa.

Apple nayo ilipita njia hiyo. Kalenda ya kompyuta zake ya mwaka 2011 ilivishwa ngozi, na juu yake yakachorwa mabaki ya karatasi zilizochanwa. Vitabu vya kwenye simu vilipangwa kwenye rafu za mbao. Mwaka 2012 kampuni ilitumia kwenye programu yake ya saa sura ya saa ya reli ya Uswisi, iliyobuniwa na Hans Hilfiker mwaka 1944, bila kuomba ruhusa kwa wenyewe. Magazeti ya Uswisi yaliripoti kwamba malipo ya kibali yalifikia faranga milioni 20. Msomaji na ajiulize: je, kwa fedha zote hizo, saa hiyo ilionyesha wakati kwa usahihi zaidi? Wahenga walikwishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Waliovua kila kitu nao walirudi nyuma

Hata hivyo ni lazima tuwe waangalifu tusije tukakimbilia upande wa pili bila breki. Mwezi Oktoba 2012 Microsoft ilitoa Windows 8, yenye vigae bapa vya rangi, na kitufe cha Start ambacho watu walikizoea tangu 1995 kikaondolewa. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka uliofuata kitufe kikarudishwa. Septemba 2013 Apple nayo iliondoa ngozi na mbao kwenye simu zake kwa toleo la iOS 7, lakini ikaondoa pia mipaka ya vitufe, hata baadhi ya watu wakashindwa kutambua lipi ni neno la kusoma na lipi ni la kubonyeza. Machi 2014 iliongeza chaguo la kuvirudishia vitufe umbo lake.

Mtetezi wa skrini tupu ana hoja moja nzito, nayo ni kwamba vitu vinavyoigwa hupitwa na wakati. Kampuni ya Sony iliacha kuuza disketi nchini Japani mwaka 2011, lakini picha ya disketi ingali alama ya kuhifadhi kazi katika programu nyingi, na vijana wengi wanaoibonyeza hawajawahi kuishika disketi yenyewe. Hoja hiyo ni kweli, ila inathibitisha jambo jingine. Alama ikishazoeleka inakuwa kama herufi, na haihitaji tena kufanana na kitu. Hasara inakuja pale inapobadilishwa kila msimu kwa ajili ya fasheni, maana watu hulazimika kujifunza upya kusoma.

Somo kutoka kwa fedha za simu

Hapa Afrika Mashariki tunao mfano wetu, na ni mkubwa kuliko ule wa nyumba ya Bob. Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Simu za wakati huo zilikuwa na skrini ndogo, na huduma hiyo haikuwa na picha ya pochi wala ya kaunta ya benki. Ilikuwa orodha ya maneno tu: tuma fedha, toa fedha, angalia salio. Mtumiaji alichagua, akaandika kiasi na namba ya siri, basi.

Je, hakuna kilichoigwa? Kilikuwepo, nacho ni stakabadhi. Kila muamala ulipokamilika, ujumbe uliingia kwenye simu ukiwa na namba ya kumbukumbu, kiasi, tarehe na salio. Hayo ndiyo mambo ambayo mfanyabiashara wa soko lolote huyatafuta kwenye stakabadhi ya karatasi. Wakala naye aliendelea kuandika katika daftari, na mteja akatia saini. Watu waliiamini huduma hiyo kwa sababu ilifanya kazi ya stakabadhi, ingawa haikuwa na sura yake.

Hapa ndipo tunapowaelekea vijana wetu wanaotengeneza programu kwa ajili ya wenye maduka. Jalada la kuning'inia kabatini ni kitu cha ofisi ya Marekani. Mwenye duka la rejareja anachokijua ni daftari la madeni: jina, tarehe, alichochukua, alicholipa na kilichobaki. Programu inayofuata mpangilio huo ataielewa, hata kama ni maandishi matupu. Akichorewa daftari zuri lenye kurasa zinazofunuka, lakini akalazimika kubonyeza mara sita kuona nani anadaiwa, atarudi kwenye kalamu yake.

Lipo jambo moja la daftari ambalo ni zito kuliko yote. Katika uhasibu kosa halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke, au husahihishwa kwa ingizo jingine linalolitangua, na anayesahihisha hujulikana. Kanuni hiyo ndiyo inayomlinda mwenye mali dhidi ya karani asiye mwaminifu, na karani mwaminifu dhidi ya tuhuma za uongo. Programu inayoruhusu mauzo ya jana yafutwe bila kuacha alama, hata ikipambwa kwa ngozi, uzi na mistari ya buluu, si daftari la hesabu.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayeletewa programu wiki hii asianze kwa kusifu rangi zake. Amwombe muuzaji aingize mauzo kwa makosa, mbele yake, kisha ayasahihishe. Halafu aulize kosa la kwanza liko wapi, na nani aliyelirekebisha. Muuzaji akishindwa kumwonyesha, asitoe fedha yake.