Kwani Lazima Tuchague?

Mhariri mmoja amenirudishia muswada wa riwaya yangu fupi, kurasa 60. Maiti inakutwa ndani ya banda la nyavu la kufugia mbu wa utafiti, na damu iliyomo matumboni mwa mbu ndiyo inayomtaja muuaji. Jibu lake: “Amua, upelelezi au sayansi. Msomaji wa Kiswahili atachanganyikiwa.”

Atachanganyikiwa nani? Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla alimpeleka Bwana Msa kuchunguza mauaji kwenye mzimu, na wazee wetu walisoma bila kuomba ramani. Katika *Walenisi* ya 1995, Katama Mkangi anamchukua mtu aliyehukumiwa kifo na kumtua sayari nyingine. Hapo je?

Halafu eti sayansi ni mambo ya Wazungu! Jamani, mimi naandika nikiwa Mkula, chini ya Udzungwa. Ukishuka Ifakara utakuta maabara iliyoanza 1957, na vijana wa huku wanafuga mbu kama wengine wanavyofuga kuku. (Mama mdogo anawaita “watu wa mbu”.) Kwetu hiyo ni ajira, si njozi.

Muswada sijaugusa hata koma. Wiki hii nautuma kwingine.