Namba Moja Google kwa Wiki Mbili? Wacheni Kuwadanganya Watu wa Kipini

Nimechoshwa na hawa wauzaji wa "namba moja Google". Majuzi jamaa yangu mwenye vyumba vya wageni Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, kanitumia mkataba aliopewa: alipe kwanza, na ndani ya wiki mbili atakuwa juu kabisa. Nimemwambia asitie sahihi. Google wenyewe wanasema wazi kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza.

Mkataba ule umechanganya mambo mawili makusudi. Tangazo la kulipia huweza kuonekana mapema, unatozwa kila mtu anapobofya, na pesa zikiisha limezimika. SEO ni kazi ya kuifanya tovuti yenyewe isomeke na iaminike. Huchukua miezi 4 hadi 12. Na kununua matangazo hakukupandishi hata ngazi moja katika matokeo ya kawaida. Anayekwambia vingine ni mwongo.

Sasa tuje Kipini. Neno likitafutwa mara chache mno, Google hairushi tangazo lake kabisa. Muuzaji anafanyaje? Anapanua maneno: "hoteli Kenya", "hoteli za pwani". Hapo unapambana na Diani, Watamu na Booking.com yenye fedha za kumwaga, huku unamlipia mtu anayetaka chumba Nairobi. Na msisahau, kipini ni pambo la puani pia! Binti anayejitafutia pambo atabofya, bili ni yako.

Tuseme kubofya kumoja ni shilingi 20. Shilingi 10,000 zinakupa wabofyaji 500. Akipiga simu mmoja katika kila 100, umenunua simu 5, kila moja shilingi 2,000. Simu hizo, si wageni.

Kwa SEO, kuongoza kwa "vyumba vya wageni Kipini" si kazi ya ajabu, washindani ni wachache. Watafutaji nao ni wachache, kwa hiyo usingoje basi zima lishuke mlangoni. Jisajili kwenye ramani ya Google, ni bure. Weka picha za kweli na namba ya simu inayopokelewa. Eleza njia ya kutoka Garsen kupitia Witu, na magofu ya Ungwana.

Njia za mkato? Februari 2006 Google iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwa sababu ya kurasa za hila. BMW nzima!

Mwenye mkataba wa aina hii anitumie kabla hajalipa. Nitausoma bure.