Makochi ya mama yaliyozaa Ebony

Wiki hii wanamuziki na mabondia wakae pembeni kidogo, maana nina stori ya jamaa aliyeanzisha gazeti kwa makochi ya mama yake. Namzungumzia John H. Johnson, mwenye Ebony na Jet za kule Marekani.

Huyu bwana alizaliwa mwaka 1918 katika kimji cha Arkansas City, jimbo la Arkansas. Baba alifariki kwa ajali kwenye kiwanda cha mbao, dogo akiwa bado mtoto mdogo. Sasa pale mjini sekondari ya watoto weusi haikuwepo kabisa. Ukimaliza darasa la nane, basi, kashike jembe. Mama yake, Gertrude, akakataa. Alikuwa mpishi na dobi wa watu, akawa anadunduliza nauli ya kwenda Chicago. Hela ilipochelewa kutimia, akamrudisha kijana darasa la nane lile lile alilokwishamaliza, ili asizurure! Mwaka 1933 wakapanda treni.

Chicago wanafunzi wenzake walimcheka kwa nguo zake na lafudhi ya shamba. Akasoma kwa hasira, akamaliza 1936, akapata kazi kwenye kampuni ya bima ya watu weusi, Supreme Liberty Life. Kazi yake mojawapo ilikuwa kumkusanyia bosi wake, Harry Pace, habari za watu weusi kutoka magazeti mbalimbali. Akiwasimulia washkaji, wote wanataka kujua zaidi. Hapo kichwa kikaanza kuchemka: kumbe hii kitu inauzika!

Alitaka kuwaandikia barua wateja 20,000 wa ile bima, lakini hela ya stempu hana. Benki ikamtolea nje kwa sababu ya rangi yake. Wakopeshaji wengine wakasema sawa, dola 500 zipo, ila weka kitu bondi. Kitu chenyewe kilikuwa fenicha mpya za mama, alizozilipia kwa taabu. Usidhani mama alikubali hapo hapo. Alisali kwanza, siku kadhaa. Mimi nasema angekataa wala asingekuwa na kosa; kwa mwanamke aliyefua nguo za watu maisha yake yote, makochi yale hayakuwa mbao na vitambaa tu.

Akakubali. Watu 3,000 wakajibu, kila mmoja na dola mbili zake. Fanya hesabu mwenyewe. Novemba 1942 likatoka Negro Digest.

Kazi ikabaki kwenye vibanda vya magazeti. Msambazaji akagoma, eti gazeti la weusi halina mnunuzi. Johnson akafanya usanii: akawatuma wafanyakazi wenzake wapite vibandani wakiulizia hilo gazeti kama vile hawamjui. Msambazaji akaingia mkenge, akachukua mzigo. Johnson akawapa jamaa zake hela wakayanunua, halafu akayauza upya! Uongo? Labda. Lakini baada ya muda waulizaji wa kweli wakaja wenyewe.

Ebony ilifuata Novemba 1945, jina akiwa amelipendekeza mkewe, Eunice. Nakala 25,000 za kwanza zikaisha. Jet ikaja 1951, na mwaka 1955 ikathubutu kuchapa picha ya maiti ya Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyeuawa na wazungu Mississippi. Mama wa marehemu ndiye aliyetaka dunia ione.

Mwaka 1982 jarida la Forbes lilimweka Johnson kwenye orodha yake ya matajiri 400 wa Marekani, mweusi wa kwanza kuingia. Alifariki 2005, na Ebony ikauzwa 2016.

Kinachonichekesha mimi ni ile ya 1949. Alitaka kununua jengo Chicago, mwenye nalo hamuuzii mweusi. Akamtuma mwanasheria mzungu akanunue, na yeye mwenyewe akaenda kulikagua kavaa kama mfagiaji. Akatembezwa chumba hadi chumba, wala hakuna aliyemshtukia!