Marufuku ya simu huishia langoni

Siku ya kufungua shule, mwalimu wa zamu katika shule nyingi za bweni humu nchini hupekua masanduku ya wanafunzi mmoja mmoja. Zamani alitafuta sigara. Siku hizi anatafuta simu, nayo hufichwa kwa ujanja wa ajabu: ndani ya mkate, chini ya soli ya kiatu, hata katikati ya sabuni ya kipande. La kushangaza zaidi, msomaji, ni kwamba simu nyingine huingizwa na mzazi mwenyewe siku ya kuwatembelea wanafunzi!

Je, ni haki kwa shule kuwazuia vijana wetu kutumia mitandao ya kijamii? Jibu langu ni ndiyo, tena bila kusita. Lakini marufuku peke yake ni nusu ya kazi.

Wakenya hawajasahau mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2015. Maswali yalisambazwa kupitia WhatsApp, na hatimaye matokeo ya watahiniwa 5,101 yakafutwa. Machi 2016, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya Baraza la Mitihani. Ugonjwa huo haukuponywa kabisa, kwani wakati wa mtihani wa 2024 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza mtandao wa Telegram ufungwe.

Hata bila wizi wa mitihani, kuna suala la akili kutulia. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilieleza kwamba mwanafunzi akishavurugwa na simu, huenda ikamchukua hadi dakika 20 kurudisha mawazo yake kwenye somo. Kipindi cha dakika 40 kina dakika 20 ngapi? Si ajabu Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na za vijana wa hadi miaka 15. Australia nayo, kuanzia Desemba 10, 2025, imewazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa.

Kuna watakaosema kwamba simu ni kalamu ya leo. Wana hoja. Corona ilipofunga shule Machi 2020, ni hiyo hiyo WhatsApp iliyowafikishia watoto wengi kazi ya ziada kutoka kwa walimu.

Na hapa ndipo penye tatizo lenyewe. Mara tatu kila mwaka lango hufunguliwa na mwanafunzi huja nyumbani. Kwa majuma mengi hakugusa simu, na sasa anaachiwa mchana na usiku. Ni nani aliyemfunza namna ya kuitumia? Shule ilikataza tu, na mzazi alidhani shule imefunza. Kijana anapotumiwa picha ya utupu ya msichana wa darasa lake, huisukuma kwa marafiki kama mzaha. Hajui kwamba sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018 inaharamisha kusambaza picha za faragha za mtu. Msichana naye hubaki na aibu, na pengine hatamani kurudi shuleni muhula unaofuata.

Basi shule zidumishe marufuku, lakini idara za ushauri nasaha zitenge saa za kuyazungumzia mambo haya waziwazi: picha isiyofaa kutumwa, mtu mzima asiyejulikana anayejifanya rafiki, na uvumi usiopaswa kupitishwa. Pia ziweke simu ambayo mwanafunzi anaweza kuitumia kumpigia mzazi mbele ya mwalimu. Wazazi wengi wanaoficha simu sandukuni hawana nia mbaya. Wanataka tu kusikia sauti ya mtoto anapougua.

Nasi wazazi tuna letu. Facebook na TikTok zenyewe hazimruhusu mtoto asiyetimiza miaka 13 kuwa na akaunti ya kawaida, lakini wangapi wetu tumemsaidia mtoto kudanganya umri? Weka kanuni nyumbani: ikifika saa tatu usiku simu zote zilale sebuleni, yako ikiwa ya kwanza. Mtoto hatakuamini ukimkataza huku kidole chako kikipapasa kioo mezani, chakula kikipoa.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi ulimwengu huo hauko mbali. Umo mfukoni mwa mwanao, na haulali. Likizo ijayo, kabla hujamkabidhi simu, keti naye kwanza mzungumze.