Mvumilivu wa Naija Hali Mbivu

Kuna sifa moja tunayowamwagia Wanaija ambayo mimi imenichosha. Ati Wanigeria ni watu wagumu. Ati hata ukiwatupa jangwani, wiki ijayo utawapata wakiuza mchanga kwa bei ya jumla. Tunasema hivyo huku tukicheza ngoma zao na kucheka vichekesho vyao kwa simu. Wengi wao pia huipenda sifa hiyo. Lakini hebu fikiria ni nani anayefaidika zaidi nayo. Mwizi hufurahi sana akisikia kwamba mwenye nyumba hachoki kununua televisheni mpya.

Hoja yangu ni hii: uvumilivu wa vijana wa Nigeria umegeuzwa kuwa sehemu ya bajeti ya serikali yao. Kila kitu ambacho serikali haifanyi, kijana anakilipia mfukoni mwake, kisha anapongezwa kwa kujituma.

Tuanze na stima. Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200, na gridi yao kwa kawaida hutoa megawati 4,000 hadi 5,000 hivi. Sisi Wakenya, pamoja na giza letu na kelele zetu zote, tunatumia zaidi ya megawati 2,000 kwa watu milioni 50 na ushee. Piga hesabu mwenyewe. Na hizo chache walizo nazo, mwaka 2024 gridi nzima ilianguka mara kadhaa. Kwa hivyo kinyozi ananunua jenereta. Fundi cherehani ananunua jenereta. Mwanafunzi anayetaka kuchaji laptopu anachangishana na wenzake wanunue jenereta.

Kuna jenereta moja ndogo ya bei nafuu ambayo Wanigeria waliibandika jina la utani: "I better pass my neighbour". Yaani, afadhali mimi kuliko jirani. Jina hilo linachekesha, lakini pia linauma. Jirani hajaniibia umeme, jirani yuko gizani kama mimi, lakini ushindi wangu ni kumpita yeye kwa balbu mbili na feni. Wale waliokula pesa za umeme hawamo kabisa kwenye mashindano hayo.

Sasa jenereta inakunywa petroli. Tarehe 29 Mei 2023, siku aliyoapishwa, Rais Bola Tinubu alitangaza kwamba ruzuku ya mafuta imekwisha. Bei iliyokuwa chini ya naira 200 kwa lita ikapita 500 ndani ya siku chache, na kabla ya mwisho wa 2024 ilikuwa imefika karibu 1,000. Mshahara wa chini ukapandishwa hadi naira 70,000 kwa mwezi. Hizo zilikuwa kama lita 70 za petroli, kabla hujala, kabla hujalipa rent. Wanauchumi wengi walikuwa wakisema kwamba ruzuku ile ilikuwa mzigo na ililisha wajanja wachache. Sawa, nakubali. Lakini mbona ukanda ukazwe upande mmoja tu? Mwaka huo huo wa 2023, wabunge waliagiziwa magari makubwa ya mamilioni ya naira kila moja, na boti ya kifahari ya rais ikajitokeza kwenye bajeti ya ziada. Mwaka uliofuata rais akapata ndege mpya. Mei 2024, watu wakilia njaa, serikali ikaona la dharura ni kubadilisha wimbo wa taifa na kuurudisha ule wa zamani. Sasa wimbo utapikwa na nini?

Halafu kuna ile lawama ya uvivu. Aprili 2018, akiwa London, Rais Muhammadu Buhari alisema vijana wengi wa nchi yake hawajaenda shule na wanataka kukaa tu wapewe vya bure kwa sababu nchi ina mafuta. Mimi nauliza, shule gani? Mwaka 2022 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma miezi minane, Februari hadi Oktoba, wakidai pesa na makubaliano ambayo serikali ilitia sahihi yenyewe. Aprili 2021, madaktari vijana wa hospitali za umma walipogoma kwa sababu ya malipo, rais huyo huyo alikuwa London kwa madaktari wake. Alitawala miaka minane, na Julai 2025 alifia hospitalini huko huko London. Sifurahii kifo cha mtu. Ninachosema ni kwamba vijana wanapofunga mabegi, kile wanachoita "japa", yaani kutoroka, tusiwaite wasaliti. Wazee wao walitangulia, tena kwa pesa za umma.

Na hawakukimbilia uwanja wa ndege moja kwa moja. Kwanza walijaribu barabara. Oktoba 2020 waliandamana dhidi ya SARS, kikosi cha polisi kilichoundwa kupambana na majambazi kikageuka kuwa jambazi chenyewe: ukiwa na rasta, laptopu au simu nzuri, wewe ni tapeli wa mtandaoni, twende ATM. Katika maandamano hayo wale "wavivu" walipanga ambulensi, chakula, mawakili wa waliokamatwa na laini za simu za dharura. Kundi la wanawake liitwalo Feminist Coalition lilichangisha pesa na kutoa hesabu hadharani. Wewe taja wizara moja, huko au hapa, inayokuonyesha hesabu namna hiyo. Serikali ikajibu kwa kufunga akaunti za benki, na usiku wa Oktoba 20 wanajeshi wakafyatua risasi pale Lekki, Lagos, kwa watu walioshika bendera na kuimba wimbo wa taifa. Jopo la uchunguzi la jimbo la Lagos liliita tukio lile mauaji ya halaiki. Serikali ya kitaifa ikakataa, ikidai hakuna maiti.

"Basi pigeni kura," wakaambiwa. Sheria ya 2018 ilishusha umri wa kugombea urais kutoka 40 hadi 35. Makofi! Lakini kufikia 2022, fomu ya kutafuta tiketi ya urais ya chama tawala, APC, iliuzwa naira milioni 100. Mshahara wa chini wakati huo ulikuwa 30,000. Kijana wa mshahara huo angehitaji zaidi ya miaka 277 bila kula ili anunue fomu. Mlango umefunguliwa, ila ada ya kiingilio ni zaidi ya karne mbili na nusu. Aliyeshinda mwaka 2023 alikuwa na miaka 70, na kauli yake iliyovuma kwenye kampeni ilikuwa "emi lokan", Kiyoruba cha "ni zamu yangu". Mkenya hahitaji mkalimani hapo. Zamu ya kula tunaijua.

Lakini nisiwapake vijana mafuta. Watu milioni 93 walijiandikisha kupiga kura 2023, karibu milioni 37 wakiwa vijana. Chini ya theluthi moja ya waliojiandikisha walipiga kura. Tinubu alishinda kwa kura milioni 8.8. Na mwezi uliofuata, kwenye uchaguzi wa gavana wa Lagos, watu walitishwa vituoni kwa kuonekana tu kama Waigbo, huku vijana waliokimbia risasi pamoja pale Lekki wakirushiana matusi ya kikabila mitandaoni. Hiyo ndiyo jenereta tena: afadhali mimi kuliko jirani. Mwanasiasa hahitaji kuwashinda vijana kama wao wenyewe wanashindana.

Ndiyo maana nasema tuache kuwasifu kwa kuvumilia. Tuwasifu kwa siku walizokataa. Juni 2024 walituona sisi tukiingia Bungeni, na tarehe 1 Agosti wakatoka wao. Waliuawa, wakakamatwa. Novemba, watu 76 walifikishwa mahakamani Abuja kwa mashtaka yaliyojumuisha uhaini, karibu 30 kati yao wakiwa watoto, na baadhi ya watoto hao wakaanguka mbele ya hakimu kwa njaa na uchovu. Waliachiliwa baada ya video kusambaa na nchi kupiga kelele. Uvumilivu ungewaacha ndani mpaka leo.

Tulifundishwa shuleni kwamba mvumilivu hula mbivu. Vijana wa Nigeria wamevumilia wanajeshi, wakavumilia waliochaguliwa, wakavumilia waliojichagua. Mbivu zimeliwa zote, na maganda yakauzwa. Siku nyingine ukisikia mtu akisema "Wanaija hawa hawashindwi na kitu", muulize swali moja tu: kwani ni lazima wapigane na kila kitu?