Ukishalipia Gari, Nenda Bustanini

Ndugu yangu uliyeko Yokohama, au unayefunga mzigo kuja, najua kilichokuleta. Kama si gari ni spea, kama si spea ni chuo, na kama si chuo ni ule mkutano wa Japani na Afrika, TICAD, ambao mji huu umeupokea mwaka 2008, 2013, 2019 na 2025. Unashuka uwanja wa ndege, unapanda treni, unakwenda yadi, unafungua boneti, unalala chali kutazama chasi, unalipia, unarudi hotelini kula tambi za kikombe. Kesho yake safari. Nyumbani wakikuuliza Japani kukoje, unawaambia kusafi. Basi, hadithi imeisha.

Sikulaumu, maana mimi mwenyewe niliishi hivyo miaka miwili ya kwanza. Bei ya kila Probox na kila Vitz ilikuwa kichwani. Meli ipi inapakia Daikoku na siku gani, nilijua. Lakini mtu akiniuliza pa kupumzikia nilimwonyesha duka lisilofungwa usiku, mbele ya stesheni, lenye benchi moja. Mji wenye bustani za umma zaidi ya 2,500, nami nimekaa kwenye benchi la duka!

Kwa hiyo leo nina ombi moja kwako: usiondoke Yokohama hujaingia bustanini. Nipe saa tatu tu za siku yako, na nauli ya basi.

Anza pale bandarini, kwa sababu pale hutajiona mgeni. Kuna bustani inaitwa Zo-no-hana. Zo ni tembo, hana ni pua, kwa hiyo sisi tungesema Mkonga wa Tembo. Bandari ilipofunguliwa kwa biashara ya nje mwaka 1859 palijengwa magati ya kushushia mizigo, na baadaye moja likapindishwa ili likinge mawimbi. Wenyeji walipolitazama waliona mkonga, na jina likaganda. Mwaka 2009, bandari ilipotimiza miaka 150, mji ukaligeuza eneo lile kuwa bustani. Nyuma yake limesimama jengo la forodha, na mnara wake una kuba la kijani ambalo ukiliona ghafla utadhani unaitwa kuswali. Sasa unganisha mwenyewe: mbele bahari, nyuma forodha, jioni watu wanapunga upepo na watoto wanakimbizana. Hii si Forodhani? Tena ile yetu ya Unguja nayo ilifunguliwa upya mwaka huohuo wa 2009, baada ya kukarabatiwa. Hapa pamepungua urojo na juisi ya miwa tu.

Kutoka hapo fuata bahari kwa miguu, mwendo wa dakika kumi hivi, utafika Yamashita. Ukifika, simama kwanza utazame unapokanyaga. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha mji huu, na moto ukamalizia kilichobaki. Kifusi cha nyumba za watu, matofali, vigae, mbao zilizoungua, vyote vilikokotwa hadi hapa na kumwagwa baharini, juu yake ukawekwa udongo, na mwaka 1930 ikafunguliwa bustani. Ile nyasi unayotandikia mkeka imekaa juu ya vyumba vya watu. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilivua viatu, sijui hata kwa nini.

Humo ndani kuna kitu nataka ukitafute, kwa sababu wengi hukipita wakiifuata ile meli kuukuu ya Hikawa Maru iliyofungwa ukingoni. Ni kibanda kidogo cha mawe chenye kuba, na chini yake bomba la maji ya kunywa. Walikijenga wafanyabiashara wa Kihindi. Tetemeko lilikuwa limewaua baadhi yao na kuwaachia waliobaki magofu, na mji ukawasaidia kupata makazi na kurudi kwenye biashara. Miaka ya 1930 wakaja na shukrani yao, nayo haikuwa hotuba. Ilikuwa maji. Wale walikuwa wageni kama wewe na mimi, watu wa maduka na mizigo bandarini. Kila ninapopita najiuliza sisi Waswahili wa magari tutauachia mji huu nini zaidi ya risiti.

Mei nenda Yamashita kwa ajili ya waridi, ambalo ndilo ua la mji. Siku nyingine nenda bila sababu.

Lakini kama una nafasi ya sehemu moja tu, ziache zote hizo uende Sankeien. Kuna mzaha ndani yake ambao mungu wa biashara ametuandalia: bustani hii iko Honmoku, mtaa uleule wenye gati la makontena ambako wenzetu wengi hufika kufuatilia mizigo. Watu wamepita mlangoni pake miaka kumi. Panda basi namba 8 kutoka stesheni ya Yokohama, shuka Sankeien Iriguchi, tembea kidogo. Kiingilio kipo, lakini hakifiki yeni 1,000. Ni pungufu ya kioo kimoja cha taa.

Mwenyewe alikuwa Hara Tomitaro, tajiri wa hariri, aliyejulikana kwa jina la Sankei. Alikuwa na hekta 17 na nusu za vilima, mabwawa na miti, na nyumba yake ikiwa humohumo. Mwaka 1906 akafungua sehemu ya nje ya bustani kwa kila apendaye kuingia. Nakuuliza, ni tajiri gani wa Masaki au Nyali ambaye leo angeliacha geti wazi, wapita njia wakale maandazi kando ya bwawa lake huku yeye yuko ndani anakunywa chai? Alikusanya majengo ya kale yaliyokuwa hatarini kuoza, akayabomoa kipande kwa kipande na kuyasimamisha upya hapa. Ule mnara wa orofa tatu juu ya kilima ulijengwa mwaka 1457 kwenye hekalu moja la upande wa Kyoto, naye akauhamishia hapa mwaka 1914. Tetemeko lilipokuja, aliacha kukusanya, akaingia katika kazi ya kuujenga mji upya.

Watu hupiga picha ya mnara na kurudi. Usirudi. Pita bwawa, panda kidogo, utaona nyumba kubwa ya mkulima yenye paa la nyasi nene, limesimama kama viganja viwili vilivyokutana kuomba. Imetoka milimani, upande wa Shirakawa. Bwawa la umeme lilikuwa linakuja kuzamisha bonde lile, kwa hiyo nyumba ikafunguliwa ikaletwa hapa, mwaka 1960. Vua viatu uingie. Katikati ya sakafu ya mbao kuna jiko la shimo la mraba, kuni zinawaka, birika la chuma linaning'inia kwa kulabu kutoka juu. Moshi hauna bomba. Unapanda wenyewe, unapita kwenye mianya ya dari, unatokea katika nyasi za paa. Boriti zote ni nyeusi kwa masizi, nyeusi ya kung'aa.

Mara ya kwanza nilipoingia nilikaa chini bila kutaka. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa bibi, ileile, ya kuni mbichi kidogo na nguo zitakazonuka hadi kesho. Bibi alituambia moshi ndio unaokula mdudu darini, na mahindi ya mbegu aliyaning'iniza juu ya mafiga. Mama mmoja anayejitolea kuuchochea moto ule alinieleza, kwa Kijapani cha polepole, kwamba wanauwasha ili moshi uyalinde mapaa dhidi ya wadudu na unyevu. Nikamwambia najua. Alicheka akidhani natania.

Februari kuna maua ya miti ya plamu, mwisho wa Machi ni cheri, na Novemba majani yanakuwa mekundu. Julai ni yungiyungi bwawani, ambayo huchanua alfajiri na kujifunga jua linapopanda, basi mtu wa kulala asijisumbue.

Sasa niseme na mkazi, wewe uliyekuja kwa chuo au kazi ukapanga chumba. Bustani yako si Sankeien. Bustani yako ni ile koen, yaani bustani ndogo ya mtaa, nyuma ya nyumba, yenye bembea mbili, shimo la mchanga na bomba. Jaribu kwenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Katika bustani nyingi za Japani utakuta wazee wamejipanga na redio ndogo, piano inalia, wananyoosha mikono na viuno kwa mazoezi ambayo nchi hii imeyafanya tangu 1928. Simama nyuma, fuata. Hakuna atakayekuuliza jina siku ya kwanza. Siku ya tatu watakuuliza, na siku ya tano utapewa machungwa.

Kuna pia vikundi vya majirani, aigokai, wanaofagia majani na kung'oa magugu katika bustani zao, mji ukiwasaidia. Wengi wao umri umekwenda. Kijana mwenye mgongo mzima akishika ufagio nusu saa atakumbukwa mtaani kuliko aliyelipa kodi ya pango miaka minne kimyakimya. Nakuomba ushike huo ufagio. Na ukiwa pale tazama kama kuna kibao cha kijani chenye mtu anayekimbia, maana bustani nyingi ni mahali pa kukimbilia maafa yakitokea. Mwaka 1923 maelfu ya watu waliokoka moto kwa kukimbilia Bustani ya Yokohama, ile ambayo leo ina uwanja wa besiboli ndani yake. Ijue njia ya kufika kwenye yako ukiwa na utulivu, na mtoto wako aijue.

Adabu si nyingi. Ukitandika turubai wakati wa maua, viatu vinabaki nje yake, kama jamvini kwetu. Sigara imepigwa marufuku katika bustani za mji tangu Aprili 2025. Na taka unaondoka nazo, kwa sababu mapipa ni haba. Hilo nililijua kwa aibu. Niliacha chupa tupu ya chai benchini Yamashita nikaondoka, na hatua kama hamsini mbele nikasikia mtu anakimbia nyuma yangu akiita. Alikuwa mzee, nywele nyeupe pe, ameishika chupa kwa mikono miwili kama anakabidhi barua ya posa. Aliamini kwa dhati kwamba nimeisahau. Niliipokea kwa mikono miwili vilevile, nikainama, nikaibeba kwenye treni hadi nyumbani.

Haya, Jumapili yadi nyingi zimefungwa, huna kisingizio. Ila kumbuka Sankeien wanapokea mgeni wa mwisho saa kumi na nusu jioni. Ukichelewa kama nilivyochelewa mimi na wageni wangu watatu kutoka Mombasa, mlinzi atakuinamia kwa heshima zote, tena mara mbili, na geti hatafungua.