Mama wa njegere tunambana, muuza trekta tunamnyamazia

Ipo tabia moja miongoni mwetu sisi watu wa mishahara ambayo haina budi kusemwa waziwazi, hata kama itatuuma. Mbele ya mnyonge tunajua sana kupunguza bei. Mbele ya mwenye ofisi, meza na feni tunakuwa mabubu. Hapa Morogoro tabia hiyo inaonekana kila siku, na hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Naanza kwa kujishtaki mwenyewe. Mwaka jana nilimsindikiza ndugu yangu mmoja, mwalimu mstaafu mwenye shamba la mpunga upande wa Dakawa, kwenda kwa muuzaji wa matrekta. Alikuwa na trekta dogo lililomtumikia misimu minane. Alitaka kulirudisha kwa muuzaji, aongeze fedha, apewe jipya lenye nguvu zaidi. Fedha za kuongeza zilikuwa sehemu ya mafao yake ya kustaafu, yaani jasho la miaka zaidi ya thelathini ya kusimama mbele ya ubao. Muuzaji alilizunguka lile trekta mara moja, akalipiga teke gurudumu la nyuma, akataja thamani yake. Kisha akaandika namba moja chini ya karatasi: "Mzee, utaongeza hii tu." Ndugu yangu alinitazama. Mimi, niliyechukuliwa kwa sababu ya elimu yangu, nilikohoa nikatazama feni. Karatasi ikatiwa saini kabla chai haijapoa.

Mchana uleule nilipita Soko Kuu la Chifu Kingalu. Mama mmoja, aliyeondoka Mgeta kabla ya alfajiri na gunia lake la njegere, alinitajia bei ya sado moja. Nikamwambia ni ghali. Nikamenya mbili tatu, nikasema zimekomaa mno. Nikaondoka, nikarudi. Nikamshusha shilingi mia tano, nikajiona hodari.

Ndugu msomaji, hodari wa nini? Asubuhi nilikuwa nimeshuhudia mamilioni ya mstaafu yakipotea na sikufungua kinywa. Mchana nikajilipiza kwa mama aliyeilima miteremko ya Uluguru kwa jembe la mkono, mahali ambapo trekta haliwezi hata kusimama.

Tuieleze hila yenyewe, maana watu wengi hawajaiona ilivyo. Anayebadilisha trekta kwa kuongeza fedha anafanya biashara mbili kwa wakati mmoja: ananunua trekta jipya, na anauza trekta la zamani. Hizo ni bei mbili, na kila moja ina mjadala wake. Muuzaji mjanja huzichanganya akakuonyesha namba moja tu, ile ya kuongeza. Ukishakubali kujadili namba hiyo peke yake, hujui tena ni wapi umepata na ni wapi umepunjwa.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, wa kufundishia. Trekta jipya limetajwa kwa shilingi milioni 38. Muuzaji anakwambia kwa tabasamu kwamba la kwako atalichukua kwa milioni 14, ingawa wakulima wenzako wangelinunua kwa milioni 12. Unafurahi, umezidishiwa milioni mbili! Unaongeza milioni 24. Lakini mtu mwingine, asiye na trekta la kurudisha, anafika kesho na fedha taslimu, anajadiliana, na trekta lilelile anauziwa kwa milioni 34. Basi hesabu ya kweli ni hii: trekta lako halikuchukuliwa kwa milioni 14. Lilichukuliwa kwa milioni 10, kwa sababu milioni nne zilikuwa zimeongezwa katika bei ya jipya kabla hujaingia mlangoni. Ulichoona ni zawadi ni fedha zako mwenyewe, zilizotolewa mfuko wa kulia zikatiwa mfuko wa kushoto, na nyingine zikabaki njiani.

Hila hiyo ina ndugu yake, nayo ni swali lililopakwa asali: "Wewe mtumishi, kwa mwezi unaweza kukatwa kiasi gani?" Anayejibu swali hilo kabla ya kuijua bei amekwisha shindwa. Makato ya mwezi yanaweza kuonekana madogo kwa kurefusha tu miaka ya deni. Mkopo nao ni biashara ya tatu, wenye riba yake na ada zake, na unastahili karatasi yake.

Kwa nini watu wasomi wananaswa na jambo ambalo mwanafunzi wa darasa la sita angeweza kulikokotoa? Jibu langu ni kwamba tumelelewa na waraka. Mtumishi wa umma huishi kwa maandishi yatokayo juu: ngazi ya mshahara, kiwango cha posho, tarehe ya kuripoti. Namba iliyopigwa chapa kwetu ni amri. Tukiiona bei imebandikwa kwenye kioo cha trekta tunaisoma kama tunavyosoma tangazo la Wizara. La hasha! Duka la trekta si kaunta ya serikali. Bei ile ni ombi la muuzaji, na ombi linaweza kujibiwa kwa ombi. Biashara ni maelewano, wala kujadiliana si utovu wa adabu. Mama wa njegere anajua hivyo, ndiyo maana hakunikasirikia.

Sababu ya pili ni kwamba tunakwenda mikono mitupu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu huandika andalio la kila somo na kuita mahudhurio kila asubuhi; karani huweka jalada la kila barua. Lakini trekta, ambalo thamani yake huenda inazidi ya nyumba yake, halina hata daftari la kurasa arobaini. Mafuta ya injini yalibadilishwa lini? Klachi ilitengenezwa na nani? Mita ya saa za kazi inasoma ngapi, au ilikufa zamani? Asiye na majibu hana cha kutetea. Muuzaji akisema "limechoka," atajibu nini? Aliye na daftari na risiti za vipuri atamwonyesha kwamba pampu ya dizeli ni mpya, kwamba haidroliki inanyanyua plau bila kusita, kwamba matairi ya nyuma yana misimu miwili tu. Hapo muuzaji analazimika kujadili mambo yaliyo mezani, si teke la gurudumu.

Na kabla ya kwenda kwake, mwenye trekta aulize bei kwingine. Awaulize wakulima wa Dakawa, Mlali na Ngerengere wangelinunua kwa kiasi gani. Ampelekee fundi asiye na masilahi, alipe ujira wa ukaguzi. Mwenye mnunuzi wa pili mfukoni husema kwa sauti nyingine.

Nchi hii imekwisha lipa ada kubwa kujifunza kwamba thamani ya mashine haiko katika rangi yake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, na kitovu chake kikawa Kongwa, jirani zetu wa Dodoma. Walikusanya matrekta na mitambo iliyobaki baada ya vita, mengine kutoka mbali kama Ufilipino, mengi yakiwa yamechakaa. Waliyatuma mashambani kwenye ardhi ngumu, bila mafundi wa kutosha wala vipuri. Mengi yalikufa mapema, na mradi ukaachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya paundi milioni 30. Wakubwa wa London nao walikuwa wasomi.

Kibaha nako kuna somo. Katika miaka ya 1980 yaliunganishwa huko matrekta ya Valmet kutoka Finland. Katika miaka ya 2010 ikaja zamu ya URSUS ya Poland, na malalamiko ya wanunuzi kuhusu ubora na vipuri yakasikika hadharani. Mwaka 2021 kampuni ya URSUS ilifilisika huko kwao. Sisemi hayo ili kuikejeli juhudi ya kuunganisha mashine nchini. Nasema ili mnunuzi aelewe kwamba siku anapojadili bei ya trekta jipya, anajadili pia thamani ya trekta la zamani la kesho. Je, vipuri vyake vinapatikana Msamvu, au mpaka viagizwe ng'ambo? Waranti ni ya saa ngapi za kazi, na fundi atafika shambani au trekta lipakiwe kwenye lori? Je, bei ile ina plau, haro na trela, au ni kichwa kitupu? Bei rahisi ya trekta lisilo na vipuri ni ghali iliyovaa kanzu. Katika mambo hayo kipo kituo cha serikali cha CAMARTEC kule Arusha, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, ambacho kazi yake ni pamoja na kupima zana za kilimo. Mtu anayetaka kutoa mamilioni anaweza kuuliza kama aina anayouziwa imepimwa.

Lipo pia suala la majira. Wengi wetu hukumbuka kubadilisha trekta mwezi Februari, mawingu yakianza kutanda juu ya Lupanga na masika yakibisha hodi. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote. Muuzaji anajua kwamba wiki mbili zijazo lazima uwe shambani. Shida yako imeandikwa usoni. Nenda mwezi Juni au Julai, mvua zikiwa zimepita na matrekta yamesimama uani kwake. Nenda kwenye maonyesho ya Nane Nane, ambapo wauzaji husimama bega kwa bega, na anayekuringia unaweza kumwacha ukahamia banda la pili.

Sasa nisikilizwe vema, kwa maana sitaki kumwonea mtu. Mfanyabiashara si adui. Anayelipokea trekta la zamani hubeba mzigo: atalitengeneza, atalihifadhi, atalitafutia mnunuzi, na pengine litamlalia mwaka mzima. Mwenye trekta naye huepushwa na madalali, na matapeli, na miezi ya kungoja. Huduma hiyo ina haki ya kulipwa, na kwa hiyo si ajabu akitoa pungufu kidogo ya bei ya shambani. Mtu anaweza kuamua kwa akili timamu kwamba pungufu hiyo inafaa. Ninachokipinga ni malipo yaliyofichwa. Faida iliyotajwa ni biashara. Faida iliyofichwa ndani ya namba ni ulanguzi, hata ikiandikwa kwa kompyuta.

Na tusiseme hatuna pa kusimama. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ipo kupokea malalamiko. Lakini Tume haiwezi kuikagua ahadi ya mdomoni. Kila jambo na liandikwe: bei ya jipya mstari wake, thamani ya la zamani mstari wake, riba mstari wake, zana na waranti mistari yake. Risiti ya mashine ya kielektroniki idaiwe. Kadi ya trekta la zamani ihamishwe rasmi jina kupitia Mamlaka ya Mapato, siyo kuachwa kwa muuzaji na maneno ya "tutamalizana." Trekta lililoondoka kwako kwa miguu lakini likabaki kwako kwa jina linaweza kukurudia na ajali ya mtu mwingine.

Ninyi walimu na watumishi mnaosoma makala haya, jambo hili ni letu zaidi kuliko tunavyodhani. Kijijini sisi ndio tunaoitwa mkataba unapoletwa. Chama cha ushirika kikitaka kubadilisha trekta lake, mikataba mingine huja kwa Kiingereza, na wazee wanasema, "Mwiteni mwalimu asome." Mwalimu akisoma kwa haraka na kunyamaza palipo na mashaka, basi kimya chake kimeuzwa pamoja na trekta. Elimu tuliyosomeshwa kwa kodi ya wakulima haikutolewa ili tuitumie kukohoa na kutazama feni.

Kwa hiyo tuanze na jambo moja jepesi. Yeyote anayekwenda kubadilisha trekta aseme sentensi hii kabla ya kukaa: "Nitajie kwanza bei ya jipya kwa mtu asiye na trekta la kurudisha." Akishaitaja na kuiandika, na mkiisha kuijadili, ndipo lizungumzwe la zamani. Muuzaji mwaminifu atajibu bila taabu. Asiyetaka kujibu amekwisha kujibu.

Ndugu yangu wa Dakawa analima na trekta lake jipya, na deni la dhamiri liko kwangu. Wiki iliyopita nilimwona tena yule mama wa njegere. Alinitajia bei, nikailipa. Si kwa huruma. Nilikwisha piga hesabu ya safari yake, nikaona kwamba bei yake ilikuwa ya haki.